Kuku Wawili Mbele ya Hakimu

Mwezi uliopita nilipanda bodaboda kwenda mahakamani Masasi, mimi mwanamke wa miaka hamsini na kitu, nimejifunga kanga mpya doti nzima, kwapani nimekumbatia kuku. Kijana wa bodaboda akaniuliza kwa adabu kama kuku yule nampelekea hakimu. Nikamwambia wa hakimu sio, huyu ni wa marehemu. Hakuuliza tena mpaka tunafika, na aliendesha polepole, nadhani aliogopa nisije nikaanza kuongea na huyo marehemu njiani. Marehemu mwenyewe ni Mwalimu Paskalina Nangomwa, aliyefariki mvua za mwaka huu kwao Lukuledi, na kuna karatasi zake za mirathi zilitaka mtu wa kuziapia. Watoto wake wote wako mbali, ndugu wa rika lake wamekwisha, wakauliza nani aliyemjua zamani na bado ana miguu ya kutembea. Nikapatikana mimi. Ndugu zangu, katika maisha yangu nimewahi kuitwa kwa sababu ya uzuri wangu wa zamani, na kwa sababu ya kisamvu changu, ila kuitwa kwa sababu ya elimu ni mara mbili tu, na mara zote mbili alihusika yule mama. Ya kwanza ndiyo nataka kuisimulia, maana bila hiyo huyu kuku hana maana.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na miwili na elimu ya kidato cha pili. Nilikwenda likizo ya kidato cha pili na mpaka leo sijarudi, kwa hiyo mtu akiniuliza nimeishia wapi namwambia sijaishia, niko likizo. Lakini nilijua kupiga chapa, nilifundishwa na masista, vidole kumi vyote bila kutazama, na kwa sababu hiyo nikaajiriwa kwenye shule moja ya sekondari pale Newala, yenye kidato cha tano na sita. Nilikuwa napiga Kiingereza siku nzima na sikielewi. Barua ikiwa ya kumfukuza mtoto au ya kumsifu, kwangu ilikuwa sawasawa, nilitazama herufi tu kama mtu anayechambua choroko. Walimu walinisifu kwamba sina makosa. Ningekosea vipi, na sina maoni?

Ulikuwa mwaka ule wanunuzi binafsi wa korosho walipoanza kupanda Newala na malori yao. Zamani korosho ilikwenda kwenye chama na ukasubiri. Sasa mtu anasimama uwanjani na mizani yake, anakupa noti hapohapo. Maduka yakajaa sukari na sabuni za kila rangi, mitumba ikaning'inizwa barabara nzima, na kila kijana aliyeshika mizani ya korosho alikuwa na redio kaseti begani. Aliyemaliza kidato cha sita alikuwa na cheti. Ukiwasimamisha wote wawili sokoni, wasichana walijua nani wa kumsogelea, na nisijifanye mtakatifu, hata mimi nilijua. Wazazi nao walishaanza kuambiwa wachangie elimu, kwa hiyo ukisema chuo, mtu anakutazama kama umesema mwezini. Hapo ndipo Mwalimu Paskalina alipokuwa anapigana vita vyake. Alikuwa mwalimu wa Baiolojia, mwembamba, mrefu, ana mwendo wa haraka kama amesahau kitu jikoni. Hakuna aliyemtuma. Matokeo ya kidato cha sita yakitoka, yeye aliwafuata waliofaulu nyumbani kwao, mmoja mmoja, kwa baiskeli, akawaambia warudi shuleni wajaze fomu za chuo. Wengine aliwatoa mizanini.

Chumba chake kilikuwa stoo ya vitabu. Mlango mmoja, dirisha la ukubwa wa sahani, harufu ya karatasi za zamani na popo wa darini. Mimi na mashine yangu tulikaa upande wa pili wa ubao mwembamba, ubao ambao ungeweza kuzuia kuku lakini sio maneno. Basi nilisikia yote. Mtu akiniuliza ulisoma wapi mambo unayoyajua, namwambia nilisoma nyuma ya ubao. Hakuwahi kumuuliza mwanafunzi anataka kuwa nani, maana alisema ukimuuliza hivyo atakutajia kazi ya mjomba wake. Alimuuliza ni kitu gani anakifanya bila kutumwa. Kijana mmoja alijibu kwa aibu kwamba hupenda kufungua redio za watu na kuzifunga tena, na kuna vipande hubaki. Mwalimu akamwambia vizuri, tutakutafutia chuo cha kujifunza vile vipande vinavyobaki. Akamtafutia kweli. Leo yule kijana ana mvi na ndiye anayesimamia mitambo huko aliko, natumaini havibaki tena.

Wanafunzi walikuwa saba mwaka ule, na vyuo vingine viliita watu kwenye usaili. Sasa watoto wa Newala ukiwasimamisha mbele ya mtu mwenye tai wanatazama vidole vyao vya miguu. Mwalimu akabuni dawa. Maji yetu, kila aliyekaa Newala anajua, yako chini bondeni, na wewe uko juu. Mabomba siku nyingi yalikuwa mapambo. Basi alfajiri aliwachukua wote saba na ndoo zao, wanateremka hadi kwenye chemchemi, na wakati wa kupanda, ndoo kichwani, anaanza kuwauliza maswali kwa Kiingereza. Kwa nini unataka kozi hii. Utafanya nini ukishindwa. Anayesimama kupumua hajajibu. Alisema mtu anayeweza kujieleza akipanda ule mteremko na ndoo ya maji hawezi kuogopa muulizaji aliyekaa kwenye kiti. Nami nilikwenda, kwa sababu nilitaka maji, na nilikuwa nyuma kabisa nikiitika yes, yes, kila alipouliza, mpaka siku moja akageuka akaniambia, "Asha, nimeuliza nani amemwaga maji njiani." Tukirudi, nyumbani kwake kulikuwa na sufuria la ming'oko, vile viazi vya porini, iliyochemshwa na chai ya rangi, tunakaa mkekani tunamenya ming'oko kwa kucha, na yeye anarudia jibu la kila mmoja, hapa ulisema vizuri, hapa ulijisifu mno, hapa ulidanganya na nimekuona. Sijawahi kula chakula kitamu kama kile, na ming'oko, tuseme ukweli, haina ladha yoyote.

Kati ya wale saba aliyekuwa anang'aa ni Mwanahawa. Binti wa Chiungutwa, mfupi, mweusi tii, macho makubwa, anaongea kidogo, na kwenye mteremko alijibu bila hata ndoo kuyumba. Alitaka udaktari. Alipoulizwa anafanya nini bila kutumwa alisema huko kwao akichinjwa mbuzi yeye ndiye hukaa karibu aone ndani kukoje. Mimi nilimjua kabla ya shule, kwa sababu tulichezwa unyago mwaka mmoja, mimi nikiwa mkubwa kidogo, mwali niliyecheleweshwa, yeye mdogo kuliko wote. Nilikuwepo siku tulipotolewa nje na kupewa majina mapya. Kwa mgeni nieleze: kwetu mtoto anazaliwa anapewa jina, mara nyingi la hali aliyokuta, kama ni njaa, kama ni msiba, kama ni ugomvi wa wazazi. Akishatoka jando au unyago, lile jina linazikwa. Anaitwa jipya, na ukimwita lile la zamani umemtukana, unatozwa kuku, na kuku huyo anapewa yeye uliyemtukana. Mwanahawa jina lake la kwanza lilikuwa la mkosi, maana mama yake nusura afe siku ile. Silitaji. Ukitaka kulijua njoo na kuku wako.

Shule lakini haijui unyago. Shule ilimwandika darasa la kwanza kwa jina alilokuja nalo, na jina hilo likapanda naye hadi cheti cha kidato cha nne na karatasi ya matokeo ya sita. Shuleni sisi sote tulimwita Mwanahawa. Kwenye makaratasi alikuwa yule mwingine. Sasa Mwalimu Paskalina alikuwa hataki fomu zijazwe kwa mkono, alisema mwandiko unaweza kumnyima mtu nafasi. Wanafunzi waliandika rasimu kwa penseli, mimi nikapiga kwenye fomu yenyewe. Fomu moja moja, zimetoka Dar es Salaam, hakuna ya akiba, na juu yake imeandikwa kwamba iliyofutwafutwa haipokelewi. Nikafika kwenye rasimu ya Mwanahawa. Nikaona amejiandika jina la utotoni. Nilikaa nikaitazama ile karatasi nikaona huruma. Nikasema moyoni, maskini, mtoto ana unyenyekevu huyu, anakwenda mbele ya maprofesa anajitukana mwenyewe. Mwaka mzima sijawahi kuwa na maoni juu ya kitu nilichopiga, na siku hiyo nikawa nayo. Nikampiga Mwanahawa, kwa herufi kubwa, katikati ya mstari, vizuri sana. Kisha nikaenda kunywa chai nikijisikia nimetenda wema.

Mkuu wa shule alishaisaini na muhuri umegongwa, Mwalimu ndipo akawa anaambatanisha nakala za vyeti. Nilisikia kimya kutoka ule upande wa ubao. Mimi kelele sikuziogopa, nimekulia kwenye kelele, lakini kimya cha Mwalimu Paskalina kilikuwa kinapita kwenye ubao kama baridi. Akaja akaweka fomu na cheti mezani kwangu, vinatazamana. Akaniuliza kwa upole kwa nini. Nikamweleza. Nilitegemea atanitimua, na kwa kweli nilishaanza kukusanya kanga yangu kwenye kiti. Akasema kitu ambacho sikukielewa mpaka mwaka huu. "Ungekuwa mgeni wa hapa usingekosea," alisema. "Umekosea kwa sababu una heshima. Sasa heshima hiyohiyo itabidi ituvushe."

Zilibaki siku tisa fomu ziwe zimefika Dar es Salaam, na mvua zilishaanza. Siku hizo basi likiondoka Masasi unaliombea dua kama msafara wa kuhiji; likikwama kabla ya kivuko cha mto linaweza kulala siku tatu. Njia ilikuwa moja tu, hati ya kiapo: mzee wa Mwanahawa asimame mbele ya hakimu aseme kwamba majina yale mawili ni mtu mmoja. Mwanahawa alipoambiwa hakulia. Aliuliza tu nani ataapa. Akajibiwa mama yako. Akatikisa kichwa, akasema mama hawezi bila mjomba, na mjomba hatalitaja lile jina. Wala hakuninunia. Hilo lilinichoma zaidi, maana mtu akikununia angalau una la kuomba msamaha. Yule binti alikuwa amesoma miaka kumi na tatu, na mimi nilikuwa nimemfungia mlango kwa dakika moja, kwa vidole kumi bila kutazama.

Kesho yake asubuhi tuliteremka kutoka Newala, Mwalimu, Mwanahawa na mimi, juu ya lori la korosho, tumekaa juu ya magunia. Mwalimu alisema mimi lazima niende, kosa liende na mwenyewe. Chiungutwa wakati ule ilinuka mabibo, yale matunda ya mkorosho, kila kona, yameanguka chini yanachacha, na mbuzi wanaoyala wanatembea kama walevi wa mwisho wa mwezi. Nyumba ya mjomba ilikuwa ya udongo mwekundu, uwanja umefagiwa mpaka unaona mistari ya ufagio. Mzee Chitanda mwenyewe alikuwa mtu wa mwili, sauti nzito, kofia ya kushona kwa mkono. Tukamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba taratibu, kila mmoja na yake, akamuuliza mpwa wake habari za Newala, akaagiza tuletewe ugali wa muhogo na kisamvu cha karanga. Hakuna aliyesema tulichokuja nacho mpaka tumenawa mikono. Kisha Mwalimu akanitazama, nikajua ni zamu yangu. Nikapiga magoti nikasema kosa langu lote, tangu rasimu mpaka chai. Mzee alinisikiliza. Mwisho akacheka, cheko fupi, akasema, "Binti, wewe ndiye mwenye adabu peke yako katika shule nzima."

Lakini kuhusu kiapo alikataa. Hakukataa kwa ukali. Alisema siku yule mtoto alipozaliwa dada yake alikuwa amelala hapo, akaonyesha chumba, na wao walishaandaa sanda. Lile jina walilitoa kwa woga. Na siku alipotolewa unyagoni walilizika, akamwaga unga wa tambiko yeye mwenyewe kwa mkono wake. "Mwalimu, wewe unasema ni karatasi," alisema. "Mimi nasema ni kaburi. Nikilifukua mbele ya serikali, kilichomo nitakirudishaje?" Mwanahawa alikuwa ameinama, anachora mchanga kwa kidole. Nikafikiri basi, imekwisha, tutarudi na lile lori. Nami nilikuwa tayari nimeanza kumhesabia yule binti maisha mengine, ya mizani na korosho, na nilikuwa najichukia.

Mwalimu Paskalina hakuleta habari za maendeleo wala za serikali wala za mtoto wa kike, maneno ambayo wakubwa wakija na magari walikuwa wanayamwaga kijijini kama mahindi ya kuku. Aliomba tu aongee naye peke yao. Mwanahawa na mimi tukapelekwa uani, na mke wa mzee, asiyependa mikono mitupu, akanipa mchi nimsaidie kutwanga muhogo. Ndugu zangu, mimi nimezoea kusikia yaliyo nyuma ya ukuta, ndio kazi yangu kubwa maishani, na siku ile pekee niliyotaka kusikia nilikuwa na mchi mkononi na mama anayenihimiza nisilegee. Niliona mlangoni Mwalimu amekaa chini mkekani, sio kwenye kigoda alichopewa. Niliona midomo yake inasema kitu kifupi. Nikaona mzee ameshtuka, akakirudia kile kitu kwa sauti kama anayeuliza, halafu akajishika mdomo. Mchi wangu ulitua hapohapo, puu, sikuambulia hata neno. Baada ya hapo nilitwanga kinu kizima. Mzee alipotoka nje macho yake yalikuwa mengine. Akamwambia mkewe alete kamba, wakamate kuku wawili, na kesho alfajiri tunakwenda Masasi.

Nililala nikijiuliza kwa nini wawili. Mmoja nilimwelewa.

Hakimu wa pale alikuwa mgeni huku kusini, mtu wa kwao huko ziwani, miwani minene, mpole. Akaona mzee anaingia amevaa kanzu safi, mkono wa kulia kitambulisho cha chama, mkono wa kushoto kuku wawili wanaangalia chini. Akauliza kuku ni kielelezo cha kesi gani. Karani wa mahakama, mtu wa kwetu, akainuka akamnong'oneza sikioni muda mrefu, na nikaona hakimu anavua miwani, anaifuta, anaivaa tena. Akasema basi, mzee aendelee kwa utaratibu wake, kisha watafuata wa mahakama. Nimeona watu wengi wenye vyeo, lakini hakimu aliyejua kungoja nimemwona huyo mmoja.

Mzee Chitanda akamgeukia mpwa wake. Alimkabidhi kuku mmoja kwa mikono miwili. "Mwanahawa, mama, pokea," alisema. "Nakukosea mbele ya watu hawa, na malipo yako nimekutangulizia." Mwanahawa akapiga goti akapokea, na hapo ndipo machozi yake yakatoka, ya kwanza niliyowahi kuona. Ndipo mzee akashika msahafu, akasimama wima, akalitaja lile jina, mara moja, kwa sauti ya kusikika hadi barazani, akasema huyo na Mwanahawa ni mtu mmoja, na kuanzia leo aitwe hili la pili popote aendako. Kuku wa Mwanahawa akajisaidia sakafuni. Hakuna aliyecheka, hata mimi, na hiyo kwangu ni sawa na kufunga Ramadhani mbili mfululizo. Karani akaandika, hakimu akagonga muhuri. Nje, upenuni, mzee akamwendea Mwalimu Paskalina, akampa yule kuku wa pili, vilevile kwa mikono miwili, bila neno. Mwalimu naye akapokea kwa goti. Nikasema aah, kumbe ni shukrani ya mwalimu, jambo la kawaida, walimu wetu wote wamelelewa na kuku wa wazazi. Nikaacha kuwaza.

Masasi siku hizo kulikuwa na mashine moja tu ya kutoa nakala, dukani kwa mtu, inaendeshwa na jenereta, na watu walikwenda kuitazama tu. Tukatoa nakala ya kiapo, tukafunga bahasha zote saba, na Mwalimu akamkabidhi dereva wa basi mkononi, akamtazama kwa yale macho ya mteremkoni. Basi lilikwama njiani, tulisikia. Dereva naye tulisikia alivuka mto kwa mtumbwi na bahasha ndani ya shati, akapanda gari lingine ng'ambo. Mimi nikiulizwa nani alimpeleka Mwanahawa chuoni huwa nawataja wengi, na yule dereva simsahau, ingawa jina lake sikulijua, la utoto wala la ukubwa.

Majibu yalikuja baada ya miezi, na mimi ndiye niliyepokea barua za shule. Kiingereza sikijui lakini bahasha nilishazielewa. Bahasha nyembamba ni pole, wamekuandikia karatasi moja ya kukutakia heri. Bahasha nene ina fomu za kwenda kuripoti, orodha ya shuka na ndoo. Ya Mwanahawa ilikuwa nene kama andazi. Nilitoka nayo mbio, nikapita mbele ya mkuu wa shule bila kumwamkia, nikaingia darasani Mwalimu akiwa anafundisha moyo wa chura, nikamwekea mezani. Aliipima kwa kiganja tu, hakuifungua. Akaniambia, "Asha, kaa hapo nyuma, somo halijaisha." Nikakaa na wanafunzi mpaka kengele. Moyo wa chura una vyumba vitatu. Ndicho kitu pekee ninachokijua cha kidato cha tano.

Yule kuku wake hakumchinja. Kila sikukuu nilimkumbusha, namwambia Mwalimu, huyu jogoo anazeeka tutamtafuna lini, na yeye anajibu huyo haliwi, huyo ni malipo. Nilidhani anasema malipo ya kazi. Alikufa kwa uzee yule jogoo, akazikwa nyuma ya jiko kama mtu.

Sasa ndipo turudi mwezi uliopita. Agnesi, binti yake Mwalimu, amekuja kutoka Dar es Salaam alikokulia, alinifungulia sanduku la bati la mama yake anitafutie zile karatasi. Zikatoka barua za ajira, cheti cha ualimu, zote Paskalina Nangomwa. Chini kabisa kikatoka cheti cha shule ya msingi ya misheni, kimekuwa rangi ya chai. Nangomwa ni yuleyule, tarehe ni ileile, kijiji kilekile, lakini jina la mbele ni lingine. Alibatizwa akiwa ameshachezwa unyago, kumbe, na enzi zile padri alikuandikia kikaratasi cha jina jipya ukaendelea na safari, hakuna aliyeuliza. Agnesi, ambaye huniita kwa jina la mwanangu, akaniambia, "Mama Rehema, huyu atakuwa nani? Mama hajawahi kututajia." Nilikaa chini kwenye sakafu, na cheti mkononi. Nikamwona Mwalimu mkekani kwa Mzee Chitanda. Midomo yake, neno fupi. Mzee ameshtuka, amelirudia kwa sauti, amejishika mdomo. Watoto wake wa kuzaa hawakuwahi kulisikia lile jina, na yeye alikwenda kumpa mzee asiyemjua, katika nyumba ya udongo, ili mzee aone kwamba mtu anaweza kufukua na bado akasimama. Na mzee kwa kulirudia akawa na deni la kuku. Miaka zaidi ya thelathini nimesimulia hadithi hii nikichekesha watu, na kiini chake nilikuwa sikijui. Nilikuwa natwanga.

Basi nikaenda na kuku wangu. Daktari Mwanahawa naye alikuja, ametoka hospitali anakofanya kazi, ana mvi na miwani, akasimama nami kama alivyosimama na mjomba wake. Hakimu safari hii ni msichana mdogo, kwao sikuuliza, akatazama kuku akamtazama karani, na karani akaanza kunong'ona. Nikamkabidhi Agnesi kuku kwa mikono miwili, amshikie mama yake. Alimshika kama mtu anayeshika sufuria la moto, lakini alimshika. Nikapiga goti, goti lenyewe likalia ngo. Nikainuka, nikaapa, nikalitaja lile jina la Mwalimu mara moja, mpaka barazani wakasikia. Karani alikuwa anaandika, akasimamisha kalamu akaniomba nilirudie, hakulipata vizuri.

Nikamwambia mwanangu, soma hapo kwenye cheti. Mimi nimekuja na kuku mmoja.